Bei ya Dubu

Mwanafunzi wangu mmoja wa shahada ya uzamili aliniletea wiki iliyopita sura ya kwanza ya tasnifu yake kuhusu vitalu vya uwindaji. Katika ukurasa wa tatu alikuwa ameandika kwamba Mzungu huwinda kwa sababu ana fedha na Mwafrika huwinda kwa sababu ana njaa. Nilichukua kalamu nikaandika pembeni: "Mzungu yupi?" Alipokuja ofisini kuniuliza maana ya swali lile, nilijikuta nikimsimulia habari ambayo sijapata kuiandika mahali popote. Alipoondoka nikaona ni afadhali niiandike, maana nilimweleza kwa haraka na vibaya.

Ndugu msomaji, wewe uliyezoea kunisoma hapa nikichambua bajeti na mikataba ya uwekezaji utashangaa kidogo. Majira yote ya baridi ya mwaka 2019 niliyatumia, pamoja na utafiti ulionipeleka huko, kumsaidia mzee mmoja wa Kimarekani kutafuta mtu wa kumpeleka kuwinda dubu mweusi kwa bei anayoimudu. Mimi mwenyewe sijawahi kufyatua risasi maishani.

Nilikuwa mtafiti mgeni katika jimbo la Maine, kwenye pembe ya kaskazini mashariki ya Marekani, na nilipanga chumba katika nyumba ya mzee huyo kando ya mto Penobscot. Alikuwa na umri wa miaka 67, mjane, mfanyakazi wa mitambo ya kupasha joto katika shule ya serikali. Aliniita "Profesa" tangu siku ya kwanza, na kila nilipomweleza kwamba mimi ni mhadhiri tu mwenye shahada ya uzamivu alijibu kwamba kwake yeye hiyo ni tofauti ya mshahara. Mimi nilimwita "Bwana" na jina lake la ukoo, mpaka mwezi wa pili aliponiomba niache kwa sababu nilimfanya ajihisi yuko mahakamani.

Alikuwa amewinda tangu utotoni bila kumlipa mtu yeyote. Huko Maine, zaidi ya asilimia 90 ya ardhi ni mali ya watu binafsi na makampuni, na sehemu kubwa ya misitu ya kaskazini ni ya makampuni ya magogo. Lakini kwa desturi ya siku nyingi watu wamekuwa wakiingia na kuwinda humo. Uwindaji wa dubu kwa chambo, hata hivyo, una sharti lake: huwezi kuweka pipa la chambo kwenye ardhi ya mtu bila ruhusa yake. Mahali ambapo mzee wangu na baba yake walikuwa wakiweka pipa kwa miaka zaidi ya 30 palikuja kukodishwa kwa mwandaaji wa uwindaji, mtu anayeleta wateja kutoka majimbo mengine na kuwapangia kila kitu: kambi, chambo, dungu la kukalia na kiongozi. Mzee hakufukuzwa. Aliruhusiwa kutembea msituni atakavyo. Ila pipa lake aliliondoa mwenyewe, akalipakia kwenye gari na kurudi nalo nyumbani, na nilipofika bado lilikuwa uani likikusanya theluji.

Magoti nayo yalikuwa yamechoka. Kazi ya chambo huanza mwezi mmoja kabla ya msimu, na kubeba ndoo kila baada ya siku mbili tatu kwenye njia za matope si kazi ya mtu mwenye goti la chuma. Hivyo yeye, mwenyeji, mwana wa mwindaji, akawa mteja. Mwaka uliotangulia alikuwa ametuma arubuni ya dola 800 kwa mwandaaji wa jimbo jingine ambaye bei yake ilikuwa chini kuliko zote alizoziona. Simu ikapokelewa mara mbili, kisha haikupokelewa tena. Alinisimulia habari hiyo akiwa amenipa kisogo, akichochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa. Sasa alikuwa amedunduliza dola 2,500 nyingine, na akaniomba nimsaidie kusoma mikataba. "Wewe kazi yako ni kusoma," alisema, "na mimi kazi yangu ni kuamini watu."

Nilianza na matangazo. Jambo la kwanza lililonigusa lilikuwa neno letu. Waandaaji kadhaa waliziita huduma zao "safari", hata wale wasiokwenda mbali zaidi ya kilomita 20 kutoka barabara ya lami. Watu hao hawajui kwamba wanazungumza Kiswahili, na wala hawana sababu ya kujua. Lakini biashara yenyewe ya kumwandalia tajiri msafara wa kuwinda, kwa mkataba na bei ya jumla, ilipata umaarufu wake mkubwa hapa kwetu. Theodore Roosevelt alipokuja Afrika Mashariki mwaka 1909, baada tu ya kutoka madarakani, msafara wake uliandaliwa na kampuni ya Newland na Tarlton ya Nairobi, ukiwa na wapagazi kwa mamia. Na ni Roosevelt huyohuyo ambaye mwaka 1902, huko Mississippi, alikataa kumpiga risasi dubu mweusi aliyekuwa amefungwa mtini. Kibonzo cha gazeti kuhusu tukio lile ndicho kilichozaa yule mwanasesere wa dubu ambaye leo watoto wa Masaki na Oysterbay hulala naye. Wachache wanamkumbuka aliyemkamata dubu yule. Alikuwa Holt Collier, kiongozi wa uwindaji, Mwafrika-Mmarekani aliyezaliwa utumwani. Yeye ndiye aliyemfuata mnyama kwa mbwa, akampiga kwa kitako cha bunduki na kumfunga kamba, ili mheshimiwa asikose. Rais akapata sifa ya huruma; dubu, kwa taarifa yako, aliuawa kwa kisu palepale.

Narudi kwenye matangazo. Bei tulizoziona zilianzia dola 1,500 hadi kupita 4,000 kwa siku sita, Jumatatu mpaka Jumamosi, kwa kuwa Jumapili ni marufuku kuwinda katika jimbo lile. Leseni na kibali cha dubu kwa mkazi havifiki hata dola 100. Kwa hiyo fedha zote hizo zinalipia kitu kingine, na kazi yangu ilikuwa kujua ni kitu gani. Yule wa 1,500 hakuwa mwizi. Mkataba wake ulisema wazi, katika aya ya mwisho yenye herufi ndogo, kwamba mteja atalala kwenye hema lake, atapika chakula chake, na kwamba kumtafuta dubu aliyejeruhiwa usiku kunatozwa pekee, kwa saa. Nilipojumlisha, bei ilikaribia 2,300. Mwingine, wa ng'ambo ya mpaka katika jimbo la New Brunswick nchini Kanada, alikuwa na bei nzuri kweli, lakini huko mgeni hawezi kuwinda dubu bila kiongozi mwenye leseni, na mzee alipofikiria pasipoti, kodi na kuandikisha bunduki mpakani akasema hajawahi kuomba ruhusa ya nchi mbili kwa ajili ya mnyama mmoja.

Kulikuwa na mmoja aliyetangaza "asilimia 100 ya nafasi". Hilo lilimvutia sana mzee. Nilimwuliza: nafasi ya nini? Tukampigia. Maana yake ilikuwa kwamba kila mteja, katika siku sita, ataona dubu aliye umbali wa kupigwa risasi. Dubu gani, wa ukubwa gani, mwenye watoto au asiye nao, mkataba haukusema. Nimesoma mikataba ya madini yenye ufundi wa aina hiyohiyo, na nakiri nilifurahi kidogo kukutana na ndugu yake porini. Ukweli ni kwamba hata kwa chambo walio wengi hurudi mikono mitupu. Msitu ukiwa na matunda na mbegu za kutosha, dubu hana haja na pipa. Anayekuahidi dubu anakuahidi pia mvua.

Nilipokwisha kuyachuja majina yakabaki matatu, na hapo elimu yangu ikafika mwisho wake. Mikataba yote mitatu ilikuwa safi. Wote walikuwa na leseni ya jimbo ya kuongoza wawindaji, ambayo Maine imekuwa ikiitoa tangu 1897. Na ya kwanza kabisa, kwa wale wanaodhani ujangili na ushujaa ni vya wanaume, alipewa mwanamke, Cornelia Crosby. Wote walitoa majina ya wateja wa zamani wa kupigiwa simu, na wateja wote walisifu, kama ilivyo ada ya majina yanayotolewa na muuzaji mwenyewe.

Msaada ulitoka mahali ambapo nisingepatafuta. Katika mji wa Lewiston, mwendo wa saa mbili kutoka kwetu, kuna Wakongo wengi na Wasomali Wabantu, na mtu anaweza kutembea mtaa mzima akisalimiwa kwa Kiswahili cha namna tatu. Kwenye sherehe ya ubatizo nilijulishwa kwa mzee mmoja wa Uvira, ambaye wote walimwita Papa. Nilipomwuliza anafanya kazi gani alisema anakata nyama kwenye bucha linalopokea wanyama wa wawindaji: swala wa huko, kongoni wakubwa wa majini wanaoitwa "moose", na dubu. Nikamweleza habari ya mwenye nyumba wangu. Hakucheka. Aliniomba majina matatu.

"Mwalimu," alisema, "mutu anaweza kuandika maneno mazuri. Mimi sisomi barua zao. Mimi ninaona nyama."

Akanieleza jambo ambalo hakuna tangazo linaloligusa. Msimu huanza mwishoni mwa Agosti, na Agosti ya Maine ina joto. Dubu ana manyoya mazito na mafuta mengi chini ya ngozi. Asipochunwa na kupozwa upesi, nyama inaharibika kuanzia ndani, kwenye mifupa ya mapaja. Kuna mwandaaji ambaye wateja wake hufika bucha saa nne asubuhi na mnyama aliyeuawa jana jioni, bado na ngozi yake, kwa sababu usiku wote ulikuwa wa picha na bia. Papa hukata, hunusa, hutupa nusu. Mteja huambiwa kwamba nyama ya dubu ndivyo ilivyo. Na kuna mwingine ambaye dubu wake hufika akiwa amechunwa usiku uleule, mifuko ya barafu imejazwa kifuani, na karatasi imefungwa mguuni ikieleza saa aliyokufa. Huyo, alisema, ni mtu ambaye hata jambo lisiloonekana na mteja analifanya. Akaniongezea, kwa sauti ya daktari, kwamba nyama ile ipikwe mpaka iive kabisa, kwa kuwa ina minyoo midogo ambayo hata friza haiwaui wote. Hilo ni kweli. Baadaye nilisoma kuhusu minyoo hao wa trikinela.

Mwenye barafu na karatasi alikuwa jina la pili kwenye orodha yetu. Mwanamke, wa makamo, dola 2,200.

Kabla ya kutuma arubuni tulimpigia simu, mzee akiwa ameshika karatasi yangu ya maswali kama mtoto anayekwenda kukariri. Ana wawindaji wangapi kwa wiki, na mapipa mangapi? Sita, alisema, kwa mapipa zaidi ya 20, ili kila mahali papate kupumzika. Dubu akijeruhiwa? Anamfuata yeye mwenyewe na mbwa mwenye kamba, hata kama ni saa nane za usiku, bila malipo ya ziada. Mteja akiugua? Arubuni haimrudii, lakini inahamia mwaka ujao. Swali la mwisho nililiongeza mimi, na mzee aliona aibu kulisoma: anayebeba ndoo za chambo analipwa kiasi gani? Kimya kidogo kwenye simu. Kisha mwanamke akacheka, akasema ni mpwa wake, analipwa kwa wiki, na kwamba katika miaka yote ya kazi hakuna aliyewahi kumwuliza.

Nilikuwa na sababu yangu ya kuuliza. Babu yangu mzaa baba, huko Liwale, alikuwa mwindaji wa gobore. Pori alilolijua lilipokuwa sehemu ya vitalu vya Selous, kampuni moja ya uwindaji wa kitalii ilimwajiri kusoma nyayo. Aliwatangulia wageni kwa siku 21 kila safari, akiwaonyesha simba alipolala na nyati alipogeukia. Alikuwa Holt Collier wetu. Malipo yake yalikuwa posho ndogo na haki ya kubeba nyama ambayo mgeni hakuitaka. Nyumbani tulikula nyama hiyo, na sikujua mpaka nilipokuwa sekondari kwamba kabla ya hapo aliila bila kupewa na mtu.

Msimu ulifunguliwa Jumatatu, tarehe 26 Agosti 2019, siku chache kabla ya safari yangu ya kurudi. Nilikwenda naye kambini kama mtazamaji. Asubuhi nilifuatana na yule mpwa kwenye mzunguko wa mapipa, na kwa mara ya kwanza nikaona chambo chenyewe: mikate ya juzi, molasi, mafuta yaliyokwisha kukaangia, na donati, ndugu msomaji, donati zenye sukari kwa ndoo nzima. Niliona haya kwa niaba ya babu. Yeye aliyemfuata nyati kwa jani lililokunjwa angeketi chini acheke. Wapo Wamarekani wengi wanaoona haya hiyo pia: mwaka 2004 na tena 2014 wananchi wa Maine walipigishwa kura kuhusu kupiga marufuku chambo, mbwa na mitego, na mara zote mbili waliotaka marufuku walishindwa. Sina hakika ningepiga kura gani. Nilipoingia ndani ya msitu ule nilielewa angalau hoja moja ya wenye mapipa. Ni mnene kiasi kwamba huoni hatua 20 mbele. Bila kitu cha kumsimamisha dubu, mwindaji angepiga risasi kivuli.

Alhamisi jioni nilikaa na mzee kwenye dungu la watu wawili, mithili ya lile la kuwindia ndege shambani, ila la chuma. Mbu walitutafuna tangu saa kumi. Jua lilipokaribia kuzama akatokea. Hakuna sauti, kwanza palikuwa na mti, kisha palikuwa na mti na dubu. Pipa ndilo kipimo: kiongozi alikuwa ametufundisha kwamba dubu ambaye mgongo wake unafika juu ya pipa ni mkubwa, na kwamba masikio yanayoonekana madogo ni dalili ya kichwa kikubwa. Huyu mgongo wake ulifika. Nilimsikia mzee akivuta pumzi na bunduki ikipanda taratibu. Dola 2,200, na zile 800 za mwaka uliopita, na goti, na pipa lililokuwa uani. Kisha majani yakatikisika nyuma ya yule mnyama wakatoka watoto wawili, mmoja akapanda juu ya pipa na kutumbukiza kichwa.

Bunduki ilishuka. Tulikaa mpaka giza, tukiwatazama wakila. Njiani kurudi kambini hakusema neno mpaka taa za kambi zilipoonekana. "Profesa," alisema, "nimelipa nauli ya kwenda Ulaya na kurudi ili nitazame familia ikila donati." Hakuwa na uchungu, au aliuficha vizuri. Ijumaa na Jumamosi hakuja mnyama yeyote. Alipoaga alimpa yule mpwa dola 100 mkononi, akamwambia mwenye kambi kwamba atarudi akipata fedha, na nikaona kwamba hiyo "akipata" ilimchoma kuliko dubu aliyemwachia.

Nilimweleza mwanafunzi wangu haya yote, kisha nikamwelekeza kwenye Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009, inayosema kwamba wanyama wote ni mali ya umma, na Rais ni mdhamini kwa niaba ya wananchi. Sheria za Marekani nazo husema takriban hivyohivyo: dubu si wa mwenye msitu, ni wa watu wa jimbo, chini ya udhamini wa serikali. Maneno yanafanana mno. Mzee wangu alibaki na mnyama kwenye karatasi na akapoteza mahali pa kuweka pipa. Babu alipoteza vyote viwili, akapewa posho. Mzee angalau aliweza kupiga simu tatu, kuuliza ndoo hubebwa na nani, na kupiga kura mara mbili. Kijiji cha babu hakikuulizwa kitu kitalu kilipogawiwa. Nilimwambia mwanafunzi aandike kuhusu tofauti hiyo, kwa takwimu zake mwenyewe, na aondoe njaa na Wazungu katika ukurasa wa tatu.

Niliporudi nchini, nilikwenda Liwale kumsalimu baba mdogo, ambaye kwa miaka kadhaa alikuwa akimsaidia babu kazi za porini. Nilimsimulia habari ya dubu. Akataka kujua bei, nikamwambia ni kama shilingi milioni tano, akaguna. Akauliza mnyama huyo anafananaje, nikajitahidi kumweleza. Akafikiri kidogo, kisha akauliza kama yule kijana wa ndoo alipewa nyama. Nikamjibu kwamba hapakuwa na nyama.

"Basi kibarua chake kilikuwa kigumu," alisema, akaniuliza kama nitalala au nitarudi na basi la asubuhi.